Kukimbia Baada ya Maha

Jumatatu, 3 Februari 2025

Likizo ya uzazi imekwisha. Maha ana wiki kumi na mbili na siku sita. Nimemweka mikononi mwa mama mkwe wangu, Bi Moza, nikashuka ngazi haraka, nikapita mbele ya duka la vitambaa la mume wangu Himid bila kugeuka nyuma, maana ningegeuka nisingekwenda.

Esansi ya magari hakuna mjini, mabasi yamelala. Nimetembea kutoka hapa mtaani Asiatique mpaka shuleni, kule Buterere penye mashamba ya mpunga, saa moja na nusu nzima. Chuo kikuu nilikuwa nacheza handiboli. Leo nimefika nahema, mkono kiunoni. Saa nne, katikati ya somo la mzunguko wa damu, msichana wa dawati la mbele akainamisha macho ghafla. Nikajitazama: maziwa yamelowanisha blauzi yote. Mbele ya wanafunzi sabini!

Nafundisha biolojia, huu mwaka wa sita. Mwili wa binadamu nauchora ubaoni hata nikifumba macho. Wangu mwenyewe leo sikuutambua.

Jumanne, 4 Februari

Mvua tangu alfajiri. Nimetembea. Viatu vimekufa.

Ijumaa, 7 Februari

Daphrose, mwalimu mwenzangu wa michezo, amenikuta nimekaa kwenye ngazi za kwenda ghorofa ya pili, vitabu mapajani.

"Mama Maha, unaumwa?"

"Siumwi. Pumzi tu imekata."

"We njoo kesho asubuhi, kilabu yetu inakimbia. Polepole tu. Wamama ni wengi."

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Si kwa ajili ya tumbo, ingawa sketi zangu zote zimegoma kufungika. Nataka nusu saa moja kwa wiki ambayo hakuna anayeninyonya, anayeniita wala anayeniuliza kitu.

Himid amesema sawa. Bi Moza alikuwa anamwogesha Maha, hakuinua uso.

"Mwanamke mwenye mutoto muchanga hakimbii barabarani. We unakimbilia nini?"

"Afya, Mama."

"Afya iko nyumbani. Kaa."

Na nilipoinama kunyanyua bido la maji, akapiga kelele mpaka mtoto akashtuka: "Acha! Usibebe!" Ndivyo ilivyo kila siku. Bido nisibebe, kiti nisibebe, gunia la mchele nisiliguse. Miaka mitatu naishi naye na bado ananiona mwanamke wa karatasi.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui hili niliandikeje, lakini nisipoliandika hapa sitamwambia mtu.

Tulikuwa kama thelathini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya kuelekea ziwani, watu wanaimba na kupiga makofi. Dakika mbili za kwanza nilijiona kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Ya tatu nikasikia joto mapajani. Nikadhani ni jasho. Halikuwa jasho. Nilikuwa najikojolea, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, asubuhi kweupe, katikati ya watu. Niliamuru misuli ikaze. Haikuitika, kama mlango ambao umesukuma ukakuta hauna bawaba.

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Wakanipita wote. Nikavua koti, nikalifunga kiunoni, nikarudi nyumbani kwa njia za nyuma.

Nilipokuwa nafua, Bi Moza alisimama mlangoni mwa bafu. Akaitazama ile suruali iliyolowa, akanitazama usoni. Nilingoja aseme, "Si nilikwambia?" Akageuka akaenda zake.

Jumapili, 9 Februari

Nimefungua kitabu changu cha biolojia. Sura ya uzazi inaishia mtoto anapotoka. Ukurasa unaofuata ni kuota kwa mbegu za maharage.

Ijumaa, 14 Februari

Daphrose amenibana kwenye stoo ya ramani, ambako huwa nakamua maziwa ya Maha.

"Siku ile ulitorokea wapi?"

Nilikusudia kudanganya. Badala yake nikamwambia yote, chupa ya maziwa mkononi, machozi yananidondoka.

"Mana yanje, Laila!" alisema, akimtaja Mungu. "Ulifikiri ni we peke yako? Sisi wote kwa nini tunavaa suruali nyeusi?"

"Sisi nani?"

"Mi, kwanza. Miaka miwili, tangu mutoto wa tatu. Yule anayepuliza filimbi, yeye pia. Yule murefu anayekimbia mbele, ni mukunga, na yeye pia."

Mkunga! Anayewazalisha wenzake! Kwa hiyo Jumamosi zote zile, nikiwa msichana nachungulia dirishani kuwatazama wanavyopita wakiimba, nusu yao walikuwa wanakimbia na siri hii miguuni, na kila mmoja akidhani ni yake.

"Na mliendelea tu kukimbia?"

"Mpaka tulipomupata Béatrice. Wiki ijayo nakupeleka."

Jumamosi, 22 Februari

Béatrice ni kine, yaani kazi yake ni kurudisha nguvu za misuli na viungo. Mwanamke mnene, mpole, mikono ya moto. Alinilaza, akanipima, akaniuliza maswali ambayo hata mama yangu mzazi hajawahi kuniuliza.

"Misuli inayobeba kibofu na kizazi ni kama wavu," alisema. "Umeubebesha mutoto miezi tisa, kisha ukasukuma saa kumi na nne. Wavu umelegea. Haujakatika."

"Nilipozaa waliniambia ni kawaida."

"Iko kwa wengi, ni kweli. Lakini nani amekwambia ukae nayo?"

Kukimbia marufuku kwanza. Kutembea ruhusa, hata mpaka Buterere. Nikaze kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, nishike mpaka nihesabu tano, niachie kabisa, nipumzike. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Miezi mitatu bila kuruka siku.

"Béatrice, nina kazi na mtoto ananyonya. Nitafanya saa ngapi?"

"Ukinyonyesha. Ukiwa kwenye foleni ya basi. Ukiwa darasani. Nani atajua?"

Alhamisi, 27 Februari

Nakaza wanafunzi wakinakili. Leo mmoja ameuliza, "Madamu, tumekukasirisha?" Kumbe nakaza na nyusi.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani imeingia. Mimi nanyonyesha, sijafunga, nitalipa siku zangu. Bi Moza amefunga.

Bomba halijatoa maji siku nne, na maji ya kwenye mapipa anayamaliza yeye. Kila sala anatawadha upya, hata kama hajatoka mahali pake. Anafua vitambaa vyake mwenyewe kabla hakujakucha na kuvianika chumbani kwake, mlango umefungwa. Tarawehe msikitini haendi. Harusi haendi. Mwaka jana dada yake alifariki Rumonge, akatuma ubani, mwenyewe hakwenda. Majirani wanasema Moza anajiona msafi kuliko watu wote.

Nimeanza kuamini majirani.

Jumatano, 12 Machi

Buterere imezama. Maji madarasani mpaka magotini. Shule imefungwa mpaka wiki ijayo.

Jumamosi, 15 Machi

Tumegombana, na nina aibu.

Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka, magoti juu, namalizia zoezi, Maha pembeni yangu anatafuna kidole. Bi Moza akaingia bila kubisha.

"Unafanya nini chini namna hiyo? Mwezi mutukufu!"

"Mazoezi, Mama."

"Kila siku mazoezi! Mutoto analia njaa, we unahesabu dari!"

Maha hakuwa akilia. Nadhani hilo ndilo lililonipandisha. Nikainuka nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Nakojoa, Mama! Nikikimbia nakojoa, nikikohoa nakojoa, wiki iliyopita nimepiga chafya mbele ya direkta wa shule nikakojoa! Unataka nikae hivyo mpaka nizeeke?"

Nilitegemea kofi. Sijawahi kumwona akibadilika rangi vile. Uso wake ulikuwa kama majivu. Alishika ukuta, akatoka akitembea taratibu, na nikasikia ufunguo ukizunguka katika mlango wa chumba chake.

Jumapili, 16 Machi

Hajasema nami. Amefuturu peke yake.

Jumatatu, 17 Machi

Vilevile. Himid ananiuliza nimemfanya nini mama yake.

Jumanne, 18 Machi

Naandika kama ilivyokuwa.

Alasiri, Himid yuko dukani, mvua inapiga mabati mpaka hatukuweza kusikia barabara. Bi Moza ameingia chumbani kwangu, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimtazama Maha aliyelala, si mimi.

"Yule mwanamke wa mazoezi," alisema, "anatazama hata wazee?"

"Anatazama wote, Mama."

"Na kama kitu kimetoka?"

Sikuelewa. "Kimetoka wapi?"

Alivuta shuka akamfunika Maha miguu.

"Chini. Kizazi. Kiko nje miaka thelathini."

Nilidhani mvua imenifanya nisikie vibaya. Nikamwomba arudie, na akarudia, polepole, miaka thelathini.

"Tisini na tano, mwezi kama huu," alisema. "Tulikaa Buyenzi. Himid alikuwa na siku sita. Baba yake alikuwa Rumonge kununua mawese, njia zote zimefungwa. Risasi zikaanza, wakasema kila mutu atoke, twende Uvira, ng'ambo ya mupaka. Nikafunga mutoto kifuani, nikaweka cherehani kichwani."

"Cherehani, Mama?"

"Ya chuma. Meza yake niliiacha. Nilisema tukifika nitashona, tutakula. Tumetembea siku mbili, mvua juu yetu. Karibu na mupaka nikasikia kitu kimeshuka katikati ya miguu. Nilifikiri nimezaa mutoto mwengine. Nikaweka mukono." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Hakukuwa na mutoto."

"Ukafanya nini?"

"Nikakisukuma ndani, nikafunga kitambaa, nikabeba cherehani."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika wali. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Tangu siku hiyo kinatoka akisimama, anakirudisha akilala. Mkojo hauna mlinzi. Ndiyo maana ya vitambaa, na ya kutawadha kila sala, na ya harusi asizokwenda. Saa tatu ndani ya gari kwenda Rumonge kumzika dada yake angelowanisha kiti mbele ya watu. Nilimuuliza kuhusu marehemu mume wake, Mzee Hamood. Je, alijua?

"Apana. Nilihama chumba. Nikamwambia nimechoka na mambo hayo. Alingoja miaka mitatu, mutu mwema, kisha akaoa Kigoma. Watu wakasema Moza ana kiburi, amemufukuza mume kwa ubaridi. Nikaacha waseme."

"Lakini kwa nini, Mama? Kwa nini hukumwambia hata daktari?"

"Ningemwambiaje? Hata jina la ugonjwa sikujua. Nilifikiri ni mi peke yangu duniani." Hapo ndipo aliponitazama. "Mpaka juzi, we uliposimama ukapiga kelele. Nikasema, huyu mutoto anasema kwa mudomo wazi kitu kidogo, na mi nina kitu kikubwa nimenyamaza."

Nilidhani amemaliza. Alipoinuka akasema, akiwa ameshika kitasa:

"Sasa kinatoa damu. Tangu mwezi wa pili. Himid asijue."

Ameshatoka na bado nimekaa hapa. Nakumbuka bido. Nakumbuka kila mara alipopiga kelele "Usibebe!" na mimi nikabana meno. Miaka mitatu nimekuwa nikimchukia mwanamke aliyekuwa ananikinga.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempeleka kwa Béatrice kwanza. Alimtazama, akamfunika shuka vizuri mpaka miguuni, akamshika mkono. "Mama, hii si kazi ya mazoezi tu," alisema. "Hii ni ya daktari, na ni leo."

Daktari ni mwanamke, kijana kuliko mimi. Amesema kizazi chote kiko nje na kina kidonda. Amekata kipande kidogo cha nyama kwenda kupimwa. Majibu baada ya wiki mbili. Neno kansa hakulitamka; sote tulilisikia.

Njia nzima Bi Moza ameshika mkono wangu kama mtoto anayevuka barabara.

Jumanne, 1 Aprili

Idi imepita. Amepika pilau kama kawaida, amewapa watoto wa jirani peremende. Himid amenisifu kwamba nimepatana na mama yake. Nimekaza mara kumi huku natabasamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Si kansa! Ni kidonda cha kusuguana na nguo. Nimepiga magoti palepale kwenye sakafu ya hospitali. Lakini lazima apasuliwe, na daktari anataka ndugu wa kumsimamia. "Una mutoto?" alimuuliza. Bi Moza akanionyesha mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Bi Moza mwenyewe amemwambia Himid. Nilijitolea nimsemee, akakataa. "Nimemuzaa mi, nitamwambia mi."

Himid alikuwa anakunywa chai ya asubuhi. Mama yake alikaa mbele yake akasema yote, kwa sentensi chache kuliko alizonipa mimi. Kikombe kilibaki hewani. Mwezi uliopita tu ametimiza miaka thelathini.

Aliweka kikombe chini. Nilingoja alie, au amkumbatie. Alisema:

"Cherehani iko wapi?"

"Niliuza wiki ya pili. Maziwa yangu yalikauka. Nikakununulia ya kopo."

"Baba alijua?"

"Apana."

"Alikufa anafikiri humutaki."

"Ndiyo."

"Na mi nilifikiri hivyo." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mama, nilikulaumu. Nilipokwenda Kigoma likizo, nikakaa na yule mke wake mwengine, nilikuwa nasema, huyu angalau anamupenda Baba. Miaka yote hiyo. Kwa nini uliniacha nikulaumu?"

Bi Moza alisogeza kile kikombe pembeni. Alisema tu, "Ulikuwa mutoto. Ningekwambia ni sababu ya kukubeba we?"

Himid akasimama kwa hasira akaenda dirishani. Kisha akarudi, akapiga magoti, akataka kulaza kichwa mapajani mwa mama yake. Mama akamsukuma kwa mazoea, upesi, mkono umeshatangulia. "Apana, baba, kuna harufu."

"Basi iwepo," alisema, akalaza kichwa.

Nimewaacha. Nimemchukua Maha nje, tumetazama mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Amepasuliwa leo. Muda wa saa mbili na nusu kwenye meza ya upasuaji. Himid alitembea korido ile mpaka mlinzi akampa kiti kwa nguvu. Daktari alipotoka alisema neno moja, "Vizuri," na mume wangu akaketi sakafuni na suti yake ya Ijumaa.

Jumamosi, 10 Mei

Yuko nyumbani. Himid anabeba maji yote. Béatrice amekuja kumwonyesha kukaza na kuachia atakapopona sawasawa. Bi Moza amemuuliza kama katika mazoezi hayo mtu anaruhusiwa kuhesabu kwa Kiarabu.

Jumatano, 21 Mei

Foleni ya basi, dakika arobaini. Nimekaza mara thelathini. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka akanitazama usoni kwa makini, kisha akaninong'oneza, "Na we uko kwa Béatrice?"

Jumamosi, 14 Juni

Mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Béatrice ameniruhusu wiki hii: kukimbia dakika mbili, kutembea moja, na nirudie. Maha ana miezi saba, nilimwacha anavuta masharubu ya baba yake dukani.

Nimekimbia nyuma kabisa ya kilabu, na Daphrose kando yangu akinisubiri kama askari. Kila hatua nilikuwa naisikiliza. Dakika ya tatu ya kukimbia nilifumba macho. Ya tano nilianza kuimba nao. Mpaka mwisho nimekimbia dakika kumi na mbili ukizijumlisha, na nilipofika ziwani nimekaa kwenye jiwe na kujipapasa kama mwizi, nisiamini.

Nyumbani, Bi Moza alikuwa anachambua mchele jikoni, amekaa kwenye kiti tulichoazima kwa jirani, maana siku hizi anakaa kwenye kiti chochote. Amepanda na kushuka ngazi mara mbili tangu Jumatatu. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Basi?"

"Dakika kumi na mbili, Mama."

Akatazama mlango, akashusha sauti. "Kavu?"

"Kavu."

"Kavu kabisa?"

"Mama, ungeweza kuwasha moto."

Akaweka ungo chini. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba hii, nene, inapanda, inakatika, inaanza tena, mabega yanaruka, machozi yanatiririka, mikono ameiachia hewani bila kujishika popote. Nilishtuka nikadhani amepatwa na kitu. Kisha nikaelewa, na mimi nikashikwa nayo, tukawa tunashikilia meza ile ile.

Himid alipanda ngazi mbio kutoka dukani, Maha kwapani, mkasi wa vitambaa bado mkononi. Alisimama mlangoni macho yamemtoka.

"Ni nani?" aliuliza. "Nani anacheka hivyo? Tuna mugeni?"